Donati za mochi na sisi watu wa vitumbua

Kazi yangu ya wiki ni nyingine, lakini ikifika Ijumaa usiku jikoni kwangu hapa Tukwila, karibu na Seattle, Marekani, kunanukia iliki mpaka ngazini. Napika maandazi, vitumbua, kalimati na sambusa za oda: za harusi, hitima, Idi na sherehe za watoto waliomaliza shule. Mtu wa namna hiyo hapiti mbele ya duka linalokaanga unga wa watu wengine bila kusimama. Kwa hiyo binti wa dada yangu aliposema, "Mamdogo, mjini kuna donati za mochi, twende Jumamosi," hakuwa na haja ya kunibembeleza. (Mochi ni donge la Kijapani la mchele wa kunata uliopikwa na kutwangwa; donati hizi zinaufuata mtafuno wake.) Yeye alitaka picha. Mimi nilitaka kuona mafuta yao.

Tulipanda treni ya mjini tukashukia International District. Kwa asiyeijua Seattle, mtaa huo uko kusini kidogo ya katikati ya jiji, na kwa zaidi ya miaka mia moja Wachina, Wajapani na Wafilipino wamepanga humo mlango kwa mlango. Wavietinamu wakaja baadaye. Ukitaka magimbi, ndizi za kupika au mihogo iliyogandishwa, wengi wetu tunaishia maduka ya huko, kwa hiyo si mtaa mgeni kwetu. Duka la donati lilikuwa dogo, foleni imetokeza hadi nje, na muziki wa Kikorea umefunguliwa juu kidogo kuliko ninavyopenda.

Donati moja dola tatu na nusu. Ukichukua sita bei inashuka kidogo, na ndivyo wanavyokufanya uchukue sita. Nilipiga hesabu ya kinyumbani, kilo ya unga, mafuta, hamira, iliki, kisha nikameza maneno, maana binti alikuwa ameshanikata jicho la "Mamdogo, usianze."

Zimepangwa kwenye kabati la kioo kwa rangi. Ya zambarau ni ya ube, kile kiazi kikuu cha zambarau ambacho Wafilipino hukitia kwenye kila kitamu chao. Ya kijani ni ya matcha, majani ya chai yaliyofunikwa kivuli wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, kisha yakasagwa kwa jiwe. Kuna ya kijivu ya ufuta mweusi, ya waridi ya stroberi, na moja iliyomwagiwa zile nafaka za rangi rangi ambazo watoto wa hapa hula asubuhi na maziwa. Umbo lao wote ni moja: vidonge vinane vya unga vilivyoshikana kwenye duara, kama shanga kubwa zilizotungwa. Hakuna kisu wala mkasi. Unavuta kidonge kimoja, kinatoka, unakila, unarudi kwa cha pili.

Kabla ya kuagiza nilimuuliza kijana wa kaunta swali ambalo wasomaji wangu wengi watataka jibu lake. Duka lile linauza pia soseji za vijiti za Kikorea, zile zinazovingirishwa unga na kukaangwa, na nyingine ni za nguruwe. Je, mafuta ni hayo hayo? Akasema vikaangio ni viwili, akanyoosha kidole nikaviona: kimoja upande wa soseji, kingine upande wa donati, na kila kimoja na chujio lake. Basi sawa. Lakini swali hilo liulizeni kila duka, kwa sababu mengi ya aina hii huuza vitu hivyo viwili pamoja na si yote yana nafasi ya vikaangio viwili. Tena angalieni vinavyomwagwa juu. Marshimelo huwa na jelatini, na jelatini nyingi ya hapa ni ya nguruwe.

Kupitia upenyo wa dirisha la jikoni nikaona mashine. Ni koni kubwa ya chuma inayoning'inia juu ya karai la mafuta. Mpishi anazungusha mpini, na chini ya koni linadondoka duara zima la vidonge vinane, linazama, linakaa chini kidogo, kisha linaibuka likiwa limevimba. Hakuna kukanda, hakuna kusukuma, hakuna kukata. Unga wenyewe ni wa majimaji mazito, mzito kuliko wa vitumbua na mwepesi kuliko wa kalimati. Zikiiva upande mmoja anazigeuza kwa vijiti viwili virefu, haraka haraka, bila kurusha tone. Nikatazama rangi. Andazi la ngano likitoka linakuwa kahawia. Hizi zinatoka na rangi ya majani makavu, nyeupe nyeupe, ungesema bado. Ni kwa sababu unga wa mchele una protini kidogo na haukimbilii kuwa kahawia. Mpishi mgeni angeziacha mpaka zikauke.

Tulichukua ya ube, ya matcha, ya ufuta mweusi, na mbili zisizopakwa shira, zilizovingirishwa tu kwenye kinako, unga wa soya iliyokaangwa ukachanganywa na sukari kidogo. Binti alipiga picha zake. Nikaanza na ya zambarau kwa sababu ndiyo aliyonipa mkononi.

Tamu. Tamu mno. Shira ilikuwa imekauka ikawa ganda, na kidonge cha kwanza chote nilikuwa nakula sukari yenye rangi. Ya ufuta ilikuwa afadhali, kwa kuwa ufuta uliokaangwa una uchungu wake kidogo unaoikata sukari. (Japani huagiza ufuta wake karibu wote kutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazouuzia. Wakulima wa Lindi na Mtwara wana mkono wao kwenye vitamu hivi, ingawa hakuna anayewaandika kwenye ubao wa menyu.) Ya matcha iliacha ukavu ulimini ambao mimi naupenda na binti akaukimbia.

Kisha ya kinako. Hii ndiyo niliyoijia bila kujua. Bila shira kuziba njia unaisikia donati yenyewe. Jino linakuta kwanza gamba jembamba linalokatika kwa mlio mdogo. Chini yake hapaachii. Ndani inavutika, inarudi, unatafuna na bado ipo, laini lakini haiyeyuki. Donati ya ngano ukiiuma inakubali mara moja. Hii inabishana kidogo na meno, na raha yake yote iko katika ubishi huo. Utamu ni mdogo, harufu karibu hakuna. Mtafuno ndio kila kitu.

Sasa hapa ndipo sisi wa pwani tunapata shida. Kitamu chetu tunakihukumu kwa pua kwanza. Iliki iko wapi? Tui limekolea? Halafu tunabonyeza kuona ulaini. Kitu kinachonata ndani, kinachovutika mtu anapokikata, tuna hukumu moja tu juu yake: hakijaiva. Ningepeleka sahani ya donati hizi kwenye shughuli ya Tanga, wamama wangezipasua katikati, wangetazama ule ung'aavu wa ndani, wakazirudisha jikoni na kuuliza nani alikuwa na haraka.

Na bado mnato tunaujua. Tunao kwenye haluwa. Haluwa ni nini kama si wanga, sukari, samli, zafarani na mkono wa mtu aliyesimama juu ya sufuria akikoroga mpaka bega limuume? Iwe ya Pemba au ya Oman, ukiichota kijiko inavutika, na hakuna anayesema haijaiva. Kwenye haluwa tumeusamehe mnato, tena tunaulipia. Kwenye kitu cha kukaanga hatujawahi kuukaribisha. Nilikaa pale kwenye kiti kile kidogo cha chuma nikitafuna na kuwaza hilo, binti akadhani sikuipenda.

Hadithi ya donati hii inazunguka dunia, na inaanzia Marekani kwenyewe. Mwaka 1955 mjini Boston, Harry Winokur alianzisha maduka ya donati ya Mister Donut. Alikuwa shemeji wa William Rosenberg, yule aliyeanzisha Dunkin' Donuts, maduka mengine ya donati. Walikuwa washirika, wakatengana, kila mtu akashika njia yake. Mwaka 1971 jina la Mister Donut likavuka bahari hadi Minoh, karibu na Osaka, likipelekwa na Duskin, kampuni iliyojulikana kwa kukodisha vitambaa na mopu za kufutia vumbi. Watu wa vumbi wakawa watu wa donati. Mwaka 1990 kampuni iliyokuwa ikimiliki Dunkin' ikainunua Mister Donut ya Marekani, na maduka mengi yakageuzwa kuwa Dunkin'. Kwao likapotea karibu kabisa, ugenini likashamiri: leo Japani ina karibu maduka elfu moja yenye jina hilo.

Na ni Mister Donut ya Japani iliyotoa, mwaka 2003, donati ya vidonge vinane iitwayo Pon de Ring. Mtafuno wake haukutoka kwenye mochi. Walikuwa wanafuata mkate mdogo wa jibini wa Brazil, pão de queijo, ambao watu wa jimbo la Minas Gerais huutengeneza kwa wanga wa muhogo na jibini, bila ngano.

Muhogo, ndugu zangu. Huu huu wa kuchemsha na nazi.

Ukiuliza Brazil na Japani wamejuana wapi, jibu ni meli. Mwaka 1908 Kasato Maru iliondoka Kobe na Wajapani 781 waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, ikatia nanga Santos. Wengine wengi wakafuata, na Brazil ikawa na jamii kubwa kuliko zote ya watu wa asili ya Japani nje ya Japani. Sheria ya uhamiaji ya Japani iliporekebishwa mwaka 1990, wajukuu wao wakaruhusiwa kurudi kufanya kazi viwandani, wakarudi na chakula chao. Na muhogo wetu sisi? Nao ulitoka Brazil. Wareno ndio waliouvusha Atlantiki ukaja Afrika, ukasambaa mpaka leo mtu wa Mkuranga ataapa ni mmea wa babu zake. Wareno hao hao walifika Japani mwaka 1543 na kuwaachia keki ya kasutera, ambayo Nagasaki wanaiuza hadi leo. Mimi napenda sana habari za namna hii, mnisamehe. Chakula kina pasi za kusafiria nyingi kuliko sisi, tena hakiulizwi viza.

Zile tulizokula sisi zilikuwa na tawi jingine la ukoo, na tawi hilo linapita Hawaii. Kuanzia mwaka 1885 maelfu ya Wajapani walipelekwa huko kwa mikataba kulima miwa. Walikwenda na mapenzi yao ya mochi, wakayakutanisha na vilivyokuwepo. Hawaii kuna keki inayoitwa butter mochi: unga wa mchele wa kunata, tui la nazi, mayai, sukari, siagi, inaokwa kwenye sinia na kukatwa vipande vya mraba. Soma tena orodha hiyo ukiwa unaufikiria mkate wa kumimina. Tofauti ni hamira, iliki na aina ya mchele. Wana pia vidonge vya kukaanga vya magimbi yaliyopondwa yakachanganywa na unga huo huo. Kutoka kwenye mapishi hayo kwenda kwenye donati ni hatua moja, na kutoka Honolulu hadi pwani hii ya magharibi ya Marekani ni ndege tu.

Kwa hiyo kwenye duka lile kulikuwa na vitu viwili vinavyofanana mdomoni vyenye asili mbili, wanga wa muhogo na mchele wa kunata, na maduka mengi huchanganya vyote viwili pamoja na ngano. Na binti alikuwa anaikoroga kwa mrija chai ya maziwa yenye zile gololi nyeusi za Taiwani, ambazo nazo ni muhogo mtupu. Sinia moja, muhogo mara mbili, na mtoto huyo huyo nyumbani muhogo wa nazi hataki kuuona.

Kwa watu wasioweza kula ngano, neno moja: msidanganywe na habari za mchele. Donati hizi nyingi zina ngano ndani. Ulizeni.

Mochi yenyewe niliiona ikitwangwa Bainbridge, kile kisiwa kilicho mbele ya Seattle, dakika kama thelathini na tano kwa feri. Kila Januari jamii ya Wajapani-Wamarekani wa pale hufanya siku ya kutwanga mochi, mtu yeyote anakaribishwa. (Wajapani wa kisiwa hicho, watu 227, ndio waliokuwa wa kwanza kuondolewa na serikali ya Marekani na kupelekwa kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili, tarehe 30 Machi 1942. Wapo wajukuu wao kwenye kinu siku hiyo.) Mchele umelowekwa usiku kucha na kupikwa kwa mvuke, haukuchemshwa. Unamwagwa ukiwa wa moto kwenye kinu cha jiwe au mbao. Mchi wao si kama wetu wa kusimama wima. Ni nyundo ya mbao yenye mpini mrefu, unainyanyua juu ya kichwa. Mmoja anapiga, mwingine amechuchumaa na mikono yenye maji, na katika nafasi ya pigo na pigo anatia mkono kinuni, anaigeuza mochi, anautoa. Wanahesabu kwa sauti. Aliyekulia penye wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja kwa zamu anaielewa hesabu ile bila kuijua lugha.

Nilipewa zamu. Mapigo ya kwanza unasikia punje chini ya mti. Baadaye zinapotea, na kinachobaki kinaushika mchi kila unapounyanyua, mpaka unakuwa unautoa kwa nguvu kuliko ulivyoupiga. Hakukuwa na hamira, sukari wala mafuta. Mchele na kipigo tu.

Kwa nini mchele wetu haufanyi hivyo? Twanga wa Kyela kutwa nzima, utapata unga, utapata uji, mochi hutapata. Wanga wa nafaka una molekuli za aina mbili: amilosi, mirefu iliyonyooka, na amilopektini, yenye matawi mengi. Amilosi ndiyo inayofanya wali uchambuke, punje isimame peke yake, na ndiyo tunayoilipia tukinunua basmati ya biriani. Mchele wa kunata una amilosi kidogo mno, karibu hakuna. Karibu wanga wake wote ni ule wa matawi, na matawi yakishapikwa na maji yanashikana, hayaachiani. Mhindi na Mswahili kwa miaka yote wamechagua mchele unaoachana. Wajapani nao kwa ajili ya mochi wamechagua usioachana. Wanga wa muhogo uko katikati, una amilosi ya wastani lakini ukiiva unakuwa mwangavu na wa kuvutika, ndiyo maana Wabrazili na Wajapani wameukimbilia.

Nikaamua kuzipika. Unga nilinunua Uwajimaya, supamaketi kubwa ya Kijapani iliyopo mtaa ule ule. Duka hilo lina historia ninayoipenda kuliko bidhaa zake: mwaka 1928 huko Tacoma, Fujimatsu Moriguchi alianza kwa kuuza keki za samaki kwenye lori lake, akiwafuata vibarua wa Kijapani kwenye kambi za magogo na za uvuvi. Vita vikaja, familia ikapelekwa kambi ya Tule Lake, na ilipotoka ikaanza upya hapa Seattle. Kila Ijumaa nikiona wanawake wetu wakiuza sambusa kwenye buti la gari nje ya msikiti namkumbuka mzee yule.

Rafuni kuna unga wa aina mbili na ni vizuri kuzijua. Mochiko ni mchele wa kunata uliosagwa mkavu, laini kama unga mwingine wowote. Shiratamako umesagwa kwenye maji ukakaushwa, unakuja na mabonge madogo magumu. Ni ghali zaidi na hutoa mtafuno laini zaidi. Wapishi wa majumbani Japani huukanda kwa tofu laini, ile ya maziwa ya soya yaliyogandishwa, badala ya maji, na hilo lilinishangaza mpaka nilipoona matokeo: unga haukauki, na ladha ya soya haisikiki kabisa. Nilitumia unga wa mochi gramu 100, tofu laini gramu 150, unga wa ngano gramu 120, sukari vijiko vitatu vya chakula, bekingi pauda kijiko kimoja na nusu cha chai. Hakuna hamira, hakuna kusubiri uumuke. Ukikandika ukawa laini na haushiki sana mikononi, unaviringa vidonge vidogo, unavipanga vinane vinane kwenye kipande cha karatasi ya kuokea, vikigusana. Unakitia kipande kizima ndani ya mafuta, karatasi juu yake. Baada ya muda mfupi karatasi inajiachia yenyewe, unaiopoa kwa koleo. Nimeiazima mbinu hiyo hata kwa maandazi yangu yanayolegea.

Mafuta yawe nyuzi 170 za Selsiasi hivi, msizidishe. Unga wa mchele wa kunata una tabia ya kufunga hewa ndani, gamba likikaza kabla hewa haijatoka, kidonge hupasuka na mafuta huruka. Vidonge vidogo, moto wa wastani, uso mbali na karai. Watoto wasisogee.

Kwa ndugu walioko nyumbani ambao hawatapata mochiko: tumieni wanga wa muhogo badala yake, lakini si unga wa muhogo. Unga wa makopa ni muhogo mzima uliosagwa, una nyuzi zake, utakupa andazi zito. Wanga unaupata kwa kukuna muhogo mbichi mtamu, kuukamua kwenye maji kwa kitambaa, na kuyaacha maji yatulie. Kinachotuama chini, cheupe na kizito, ndicho. Mwaga maji, anika. Wenye umri wangu wanaujua vizuri kwa kazi nyingine, kwani ndio uliokuwa ukitiwa kwenye kanzu za Ijumaa zisimame.

Niliposhazielewa, mkono ukaniwasha. Nikachukua vitumbua vyangu vya kila siku, mchele uliolowekwa, tui, hamira, iliki, na theluthi ya mchele nikaiweka mochiko. Unga uliumuka juujuu ukashuka. Kwenye chuma cha vitumbua vilipata rangi nzuri, vikang'aa kama vimepakwa samli, lakini havikuvimba. Ule mchele usio na amilosi hauna mifupa ya kushikilia hewa ya hamira. Nilipokipasua kimoja, yale matundu matundu ya ndani tunayoyategemea yalikuwa machache, na katikati palivutika. Harufu ilikuwa kamili, iliki na nazi, na mtafuno wa Osaka. Mimi nilikula vitatu. Mama yangu nilimwonesha kwenye simu, nikakivuta mbele ya kamera avione vizuri vile vinyuzi. Akatazama kimya, akasema, "Hicho si kitumbua, mwanangu. Hiyo ni haluwa umeikaanga."

Sina jibu la kumpa, ila kwamba haluwa ya kukaanga ningeinunua.

Hata hivyo nisingewapa wazee bila kuikata vipande vidogo. Japani kila mwaka mpya wazee hukabwa na mochi, na zimamoto wa Tokyo hutoa tahadhari kila msimu kwamba ikatwe ndogo na iliwe polepole. Donati ni nyepesi kuliko mochi yenyewe, lakini mwenye meno ya kubandika aanze na kidonge kimoja.

Duka lile nitarudi, na nitaagiza ya kinako au isiyo na kitu. Wanapoimwagia shira ya rangi, biskuti na nafaka za watoto wanafunika kitu pekee ambacho andazi la kawaida haliwezi kukupa. Binti hakubaliani nami hata kidogo. Kwake ya zambarau ndiyo donati na hizo nyingine ni mazoezi.

Mlioona picha mmeanza kuniuliza kama nitaziweka kwenye orodha ya oda. Hapana. Vitumbua vikikaa mpaka jioni bado ni vitumbua, na andazi lililolala ndilo tamu kwa chai. Donati hizi zina saa mbili tatu tu, kisha gamba linalegea na ndani panakaza. Kesho yake ni raba. Na harusi zetu ninazijua. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, bibi harusi anaingia saa tatu, sinia zinafunguliwa saa nne na nusu. Siwezi kukaanga kwa saa ya kadi. Anayezitaka aje Jumamosi asubuhi na chupa ya mafuta mkononi, akae jikoni, azile zikitoka kwenye karai.